Ukingo wa Godoro

Asikiaye la wadogo huvunjika guu. Wahenga walilisema kwa upande wa pili, wakawatisha watoto wasiosikia wakubwa wao. Hakuna aliyewaonya wakubwa kwamba siku moja watoto ndio watakaoshika funguo za nyumba, watawaamuru mama zao kwa sauti laini, na amri hizo zitakuwa na hatari zaidi kuliko fimbo, maana fimbo mtu huikwepa, mapenzi utayakwepaje?

Sindano alikosa pa kuyakwepea. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, Sindano, kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mwembamba na wima kama shazia, ile sindano ndefu inayotoboa godoro ikatokea upande wa pili. Ya pili, ulimi wake nao ulitoboa vivyo hivyo. Alikuwa mjane mwenye wajukuu na karakana ya magodoro nyuma ya nyumba: chumba kirefu chenye madirisha mapana, meza moja kubwa ya mbao iliyolainishwa na viganja, na sufi iliyokuwa ikielea hewani hata siku zisizo na upepo. Aliolewa akaikuta meza ile, akazaa, akarudi mezani, akafiwa na mume, akarudi mezani.

Kisha akateleza jikoni.

Wala haikuwa ajali ya kusimulia. Sakafu ilikuwa na maji kidogo, mkononi ana bakuli tupu, akaketi chini kama mtu aliyevutiwa kiti. Alijikinga kwa mkono wa kushoto. Kifundo cha mkono kikalia *kwa!* kama kijiti cha kuwashia moto.

Hospitali walimpokea na kumfunga plasta, halafu daktari wa mifupa, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, akavuta kiti karibu naye.

"Mama, ulianguka kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye miguu yangu."

"Hukuwa juu ya ngazi? Kiti?"

"Ningepanda kiti ningesema. Mimi si mtu wa kuficha viti."

Mkubwa, mwanawe wa kwanza aliyekuwa amemsindikiza, akaguna kwa aibu. Daktari hakucheka. "Mtu akianguka kutoka kwenye miguu yake mwenyewe, mfupa hautakiwi kuvunjika. Ukivunjika, sisi hatuiulizi sakafu. Tunauliza mfupa."

Wakauuliza. Alipimwa kwa mashine iliyompitia juu ya nyonga na mgongo bila kumgusa, na mfupa ukajibu. Ulikuwa umepungukiwa kwa ndani, umeingia matundu matundu. Daktari akaeleza kwamba jambo hili huwapata wanawake wengi baada ya hedhi kukoma, kwa kuwa mwili huacha kuilinda mifupa kama zamani. Kwamba haliumi, halipigi hodi, mtu hulijua siku kitu kimekatika.

"Kama godoro kuukuu," akasema Sindano. "Kitambaa kizima, mshono mzima, ukilinyanyua unakuta sufi imekuwa vumbi."

"Ndivyo hasa."

"Basi mimi godoro la hivyo hulifumua nikalijaza upya."

"Mfupa haujazwi hivyo, mama. Lakini tunaweza kuuzuia usizidi kumwagika. Na mfupa ukipewa kazi, unashika. Utakunywa kidonge kimoja kila wiki. Maziwa, dagaa, mboga za majani, jua la asubuhi. Plasta ikitoka, utakwenda kwa mtaalamu wa mazoezi, akufundishe kuitia miguu nguvu. Utembee, usimame, ubebe mwili wako mwenyewe." Akavua miwani. "Na zaidi ya yote, usianguke."

Katika maneno yote hayo, Mkubwa alibeba nyumbani neno moja. La mwisho.

Laiti ingekuwa familia ya seremala, pengine wangepigilia vishikio ukutani. Familia ya mwashi wangesawazisha vizingiti. Hii ilikuwa familia ya washona magodoro, na kwa mshona magodoro hakuna shida duniani isiyotatuliwa na kitu laini. Mkubwa alifunga mlango wa karakana, akakata kitambaa kizito, akachagua sufi safi isiyo na mbegu hata moja, akashona magodoro membamba ya kutandika sakafuni: moja mbele ya kitanda cha mama, moja mlangoni, mengine korido nzima hadi barazani. Kitinda, binti mdogo wa nyumba, akapanga mito kandokando ya kuta. Walipomaliza, chumba kile kilifanana na kisanduku cha kuhifadhia mayai.

"Humu mtu akianguka," akasema Mkubwa kwa fahari, "anaangukia usingizini."

Kisha akautoa ufunguo wa karakana kwenye msumari uliokuwa kando ya kitanda cha mama yake, ulipokaa tangu yeye hajaota meno. "Umefanya kazi ya kutosha, mama. Sasa kazi yako ni kukaa."

Akakaa. Wamjuao walishangaa. Wamjuao hawakuwahi kumwona mama yake.

Mama yake alikuwa mwanamke mrefu ambaye uzee ulimkunja kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, mpaka akawa anasalimia watu kwa kuwatazama viatu. Watu walisema ni mizigo ya ujanani. Siku moja alijikwaa kwenye kizingiti cha chumba chake, nyonga ikavunjika. Wakamlaza. Kila aliyeingia alimwambia neno moja, "Lala, mama, pumzika," na bibi yule, kwa kuwa alikuwa msikivu, akalala hadi mapafu yakajaa, hadi wakamtoa humo akiwa amebebwa. Sindano alikuwa amekishika kichwa chake mapajani. Hofu ile ndiyo iliyomfanya aukubali ufunguo utoke msumarini. Alidhani anakimbia kizingiti cha mama yake. Hakujua kwamba anakwenda kwenye kitanda cha mama yake.

Plasta ikatoka. Siku za kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi zikaja, zikapita, maana kila mara palikuwa na magodoro ya kupelekwa na hakuna wa kumsindikiza, na peke yake haruhusiwi. Mkono ulipona vizuri. Miguu ndiyo iliyoanza kumshangaza. Mapaja yalilegea kama mto uliokaliwa sana. Gauni lililokuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu likaanza kufagia, na Kitinda akalikunja pindo, na mama akamwangalia akikunja.

Kidonge nacho kikageuka adhabu. Kila wiki, asubuhi ya siku yake, mke wa Mkubwa alikileta baada ya chai, kwa moyo mweupe kabisa, pamoja na maji kidogo chini ya kikombe. "Haya mama, meza, halafu jilaze dawa iteremke." Katika nyumba ile kujilaza kulitibu mafua, deni na kuachwa na mchumba. Sindano alimeza, alijilaza, na kifua kikawaka kama kimepakwa pilipili.

"Dawa inaniunguza, mke mwanangu."

"Ndiyo inafanya kazi, mama."

Alfajiri moja aliamka kwenda msalani. Sasa, ili mtu aelewe kilichotokea ni lazima aujue ukingo. Ukingo ndio heshima ya godoro. Ni ule mshono mnene wa pembeni, unaoviringishwa na kushindiliwa sufi mpaka unakuwa mgumu kama mkono wa mtoto, ili godoro lisipoteze umbo. Washonaji wavivu huuruka. Sindano hakuwahi kuuruka, na Mkubwa, aliyefundishwa naye kwa kupigwa vidole kila alipolegeza uzi, hangeweza kumshonea mama yake kitu kisicho na ukingo. Kwa hiyo yale magodoro ya sakafuni yote yalikuwa na ukingo mzuri, wa juu, ulionyooka kama mstari. Kazi njema mahali pabaya.

Kidole gumba cha mguu kikaingia chini ya ukingo, na Sindano akaenda mbele mzima mzima. Aliangukia mito, ubavu kwa ubavu na mguu wa chuma wa kitanda. Nyonga yake na chuma kile vilibakiza nafasi ya kupitisha kiganja.

Alilala pale akijikagua kiungo kimoja baada ya kingine. Kizima. Kizima. Kizima. Akashukuru Mungu, akataka kunyanyuka, na hapo ndipo alipoiona hali yake. Aliweka kiganja, kikazama. Aliweka goti, likazama. Kila alipotafuta mahali pa kujisukumia, mahali pale palimkubalia, pakanywea, pakamrudisha chini kwa upole. Alikuwa kama mende aliyepinduka kwenye bakuli la unga. Kitu kigumu humuumiza mtu, ndiyo, lakini pia humpa pa kushika. Alilala katika sufi bora kuliko zote alizowahi kuchambua, na hakuweza kuinuka, na akamkumbuka mama yake.

Mke wa Mkubwa ndiye aliyemkuta kulipopambazuka. Nyumba nzima ikajaa chumbani.

"Mnaona?" akasema Mkubwa, jasho linamtoka. "Mnaona? Bila haya magodoro leo tungekuwa wapi?"

Jioni yake akaongeza mengine mawili.

Sindano akamwita Kitinda pembeni. "Kesho utanipeleka kwa yule mtaalamu wa mazoezi."

"Kesho tuna mzigo wa kupeleka, mama."

"Basi nitakwenda mwenyewe, nikianguka njiani utakuja na mzigo wako uniokote."

Akapelekwa.

Mtaalamu alikuwa msichana mwenye mikono mifupi yenye nguvu, na neno lake la kwanza lilikuwa "Inuka," na la pili, na la tatu. Sindano akambatiza hilo hilo. Inuka alimkalisha kwenye kiti cha kawaida, akamwambia akunje mikono kifuani na asimame bila kushika kitu.

Sindano akajaribu. Akaegemea mbele, akakusanya pumzi, matako yakanyanyuka kidogo kama ya mtu anayeaga kwa adabu, yakarudi. Akajaribu tena. Yakarudi. Jambo analofanya mtoto wa chekechea bila kufikiri, yeye aliyekuwa akilibeba godoro la watu wawili begani, lilikuwa limemshinda. Macho yakamjaa maji, akayakasirikia.

"Miezi yote hii umekuwa ukifanya nini nyumbani?" akauliza Inuka.

"Nakaa."

"Sakafuni kuna nini?"

"Magodoro."

"Sakafuni, mama. Si kitandani."

"Binti, mimi nazijua tofauti za kitanda na sakafu. Magodoro. Na mito."

Inuka akaanza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. "Nani kayaweka?"

"Wanaonipenda."

"Wanakupenda vibaya." Akachuchumaa mbele yake, ili macho yawe sawa. "Sikiliza. Kitu cha kwanza ninachoondoa kwenye nyumba ya mwanamke mwenye mifupa kama yako ni kila kinacholegea sakafuni: mikeka, mazulia, nyaya, viatu vya wajukuu. Vinakukwaza. Na ukikaa mchana kutwa, misuli inaisha, na mfupa usiobeba kitu unazidi kujipunguza, hauoni sababu ya kuwa imara. Mkono umevunjika, umepona. Nyonga ni habari nyingine. Wengi hawarudi kutembea walivyokuwa. Wengine hawarudi kabisa."

"Najua," akasema Sindano. "Nilimshika kichwa."

Inuka hakuuliza kichwa cha nani. Aliuliza habari za kidonge, na alipoambiwa juu ya chai na kujilaza alishika paji la uso. Kidonge kile humezwa kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, na mtu hukaa wima au husimama nusu saa nzima. Akilala, kinarudi juu na kuchoma koo. Akamfundisha kuinuka kitini, kwanza kwa mto mmoja chini yake, kisha bila mto. Akamfundisha kunyanyua visigino huku ameshika ukingo wa meza, na kuinama kwa magoti badala ya mgongo. Akamwagiza viatu vilivyofunika kisigino, si ndala.

"Una meza nyumbani? Imara, inayofika kiunoni?"

Sindano akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Ninayo."

Jioni aliwaeleza wanawe yote, neno kwa neno. Lile la kidonge walilikubali, mke wa Mkubwa akalia na kuomba msamaha, akasamehewa. Lile la magodoro likagonga mwamba.

"Huyo msichana kazaliwa lini?" akauliza Mkubwa.

"Alizaliwa akasoma. Wewe ulizaliwa ukashona. Kila mtu na sindano yake."

"Yeye hakukuokota sakafuni, mama."

"Wewe umenitega sakafuni."

Lilitoka kali kuliko alivyokusudia. Mkubwa akawa anachezea uzi uliong'ang'ania kwenye suruali yake. "Siku nikikuzika kwa sababu ya meza," akasema mwishowe, "nikaulizwa, 'Ulikuwa wapi?', nitajibu nini? Magodoro hayatoki. Karakana huendi. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa mzima."

Hapo Sindano akaona kwamba kwa maneno hatashinda. Huwezi kumshinda kwa maneno mtu anayeogopa. Akanyamaza, na wao wakadhani ametulia.

Kila mlango ulipofungwa, aliinuka. Alichagua kiti kizito cha mbao, akakisukuma ukutani kisiteleze, akalikunja godoro la mbele ya kitanda kwa mguu hadi akapata mahali pa sakafu tupu, baridi, ngumu. Akakunja mikono kifuani. Siku za mwanzo alikuwa anajitupa juu kama mzigo, anarudi chini kama mzigo. Mapaja yalitetemeka hadi meno yakagongana. Alijitukana kwa matusi ambayo wajukuu hawakuwahi kuyasikia kwake. Akatoa mto. Akaendelea. Alikunywa maziwa asiyoyapenda, akatafuna dagaa na vichwa vyao, akaota jua barazani huku akinyanyua visigino nyuma ya kiti ili mpita njia asijue. Asubuhi moja akainuka, akajikuta amesimama, na hakukumbuka kujitupa. Akakaa ili ahakikishe. Akainuka tena. Akacheka peke yake kama mwizi.

Baada ya hapo ikaja kazi ya shule. Bweni la wasichana lilikuwa limeagiza magodoro mapya, na gari la shule lingekuja kuyachukua kesho yake. Asubuhi ya mwisho sufi ikaisha. Mletaji aliahidi, akaahidi, kisha simu yake ikazimwa, na Mkubwa akatoka mbio na mkewe kwenda kuitafuta upande mmoja wa mji, Kitinda upande mwingine. Haraka yao ilikuwa kubwa hata karakana wakaiacha wazi, ufunguo ukining'inia mlangoni.

Sindano alisikia hatua zao zikiishia barabarani. Akatazama chini. Sufi waliyokwenda kuitafuta mji mzima, safi, isiyo na mbegu, alikuwa ameiweka miguu juu yake.

Alivaa viatu vilivyofunika kisigino. Alikwenda karakana taratibu, akishika ukuta kila palipokuwa na godoro la kuruka, akarudi na kisu cha kufumulia, ambacho alikikuta palepale alipokiacha. Akaketi kitini, akavutia mapajani lile godoro la mbele ya kitanda, akaulaza ukingo kwenye kiganja.

Hapo mkono ukasita. Ulikuwa ukingo mzuri. Mzuri kuliko wake. Mishono ilikuwa imepishana sawasawa kama meno ya kitana, na kila baada ya kiganja kimoja palikuwa na fundo dogo lililozamishwa ndani, fundo ambalo mteja haoni na hatalipia. Yeye ndiye aliyemfundisha fundo lile, na Mkubwa alikuwa ameliweka kila mahali, hata upande wa chini unaogusa sakafu. Aliwaza vile mwanawe alivyoketi peke yake karakana, akimshonea mama yake asivunjike. Alikipitisha kidole juu ya ukingo hadi mwisho na kurudi.

Kisha akaingiza kisu chini ya fundo la kwanza, akakata.

Alifumua chumba. Alifumua mlango. Alifumua korido, akisogeza kiti chake hatua kwa hatua, hadi barazani. Vitambaa akavianika kwenye kamba, mito akairundika kitandani mahali pa mito. Sufi akaibeba kwa kukumbatia, maana sufi haina uzito, mtu anaweza kukumbatia wingu la sufi akaenda zake. Nyuma yake sakafu ilibaki tupu, saruji nyeusi iliyong'aa, na alipoikanyaga ilimjibu: nipo.

Karakana, vumbi la sufi likamkaribisha puani. Akapiga chafya, akaisalimia meza. Magodoro ya wasichana yalikuwa yamelazwa tayari, yamekatwa, yakingoja kujazwa. Akajaza. Akashindilia. Akachukua shazia, akaipitisha kutoka uso hadi uso, mkono wa kulia ukivuta, wa kushoto ukishika, na kifundo kilichovunjika kikauma kidogo, kisha kikakubali. Alisimama. Akichoka aliketi, akishapumzika anakunja mikono kifuani na kuinuka. Hakuna aliyemwambia.

Wa kwanza kurudi alikuwa Kitinda, mikono mitupu. Alisimama mlangoni, akamtazama mama, akautazama msururu wa magodoro yaliyokamilika, akaweka mkono mdomoni. "Mama! Hii sufi umeitoa wapi?" Kisha akajijibu mwenyewe, akageukia kamba ya nguo. "Ooo. Kaka ataanguka yeye."

Mkubwa alikuja na kigunia kimoja cha sufi mbaya yenye mbegu. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alikwenda kwenye kamba, akashika kitambaa, akaona nyuzi zilizokatwa fundo baada ya fundo. Kisha akaingia ndani, akapiga simu kwa Baba Mdogo.

Baba Mdogo alikuwa ndugu wa marehemu na mpatanishi wa ukoo, mtu wa tumbo na busara, ambaye hakuwahi kumaliza ugomvi bila pande zote kuombana radhi, hata kama hakuna aliyekumbuka kosa. Kabla jua halijazama alikuwa ameketi barazani, familia imemzunguka, chai mkononi.

"Shemeji," akaanza, "habari nimezisikia. Kazi ya shule imetimia, tunakupongeza. Lakini kijana kaumia. Alikushonea kwa mikono yake, kwa mapenzi, wewe ukachukua kisu nyuma ya mgongo wake. Hata godoro la mgeni hatulichani hivyo."

"Sikuchana, shemeji. Nilifumua."

"Haya, umefumua. Neno dogo tu linatosha. Mwambie mwanao, 'Niwie radhi,' yaishe, tunywe chai."

Wote wakamtazama. Mkubwa hakuinua macho. "Ungeniambia tu, mama," akasema, chini chini.

"Nilikuambia. Ukaongeza mawili."

Kitinda akacheka, akajifanya anakohoa.

Sindano alikuwa ameketi kwenye kiti kisicho na mikono. Akaisukuma miguu yake nyuma kidogo, ikakanyaga saruji tupu. Akakunja mikono kifuani. Mkubwa alipoelewa anachotaka kufanya alinyoosha mkono kumdaka, akachelewa. Mama alikuwa ameshasimama, wima, hajashika mtu wala kitu. Baba Mdogo akasahau kumeza chai.

"Mama yangu mimi alikuwa msikivu," akasema Sindano. "Aliambiwa lala, akalala. Mimi nimewasikiliza ninyi mpaka nikashindwa kutoka kwenye kiti, na mpaka nikalala sakafuni nisiweze kuinuka kwa sababu ya ulaini. Mkubwa, nitazame. Ukingo wako ni mzuri kuliko wangu. Nimeona kila fundo, hata yale ya chini. Nimeyakata nikiwa nayaona. Usiku wa kesho wasichana watalalia kazi yako, na huko ndiko inakotakiwa kuwa. Ukiitandika tena sakafuni kwangu, nitaifumua tena. Ufunguo uko kwenye msumari wake, na hautoki. Kesho, gari la shule likiondoka, utaleta nyundo, unipigilie kishikio ukutani kule msalani, kitu kigumu, nikikivuta kisije."

"Vizuri sana, shemeji," akasema Baba Mdogo, akijikusanya. "Vizuri. Sasa lile neno dogo."

"Siombi radhi," akasema Sindano. "Leo siombi, kesho siombi."